Thabit na Manyoya ya Kithaa

Jumanne, tarehe 7 Machi 2023, nilitoka Hamriya, hapa Maskati, saa mbili na dakika arubaini asubuhi, nikafika Mawaleh saa tatu na dakika ishirini na mbili. Saa tatu na nusu nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye meza ya kulia ya Thabit bin Yaqdhan, na kurasa 164 za kitabu chake zikiwa mbele yetu. Alitakiwa atie saini ya kuidhinisha kila ukurasa kabla ya saa saba mchana. Saa nane mtambo wa kiwanda chetu cha uchapaji ulikuwa wazi kwa ajili yake. Saa kumi na mbili jioni ulikwisha kuahidiwa kalenda na vitabu vya dua vya Ramadhani, na baada ya hapo usingekuwa na nafasi mpaka Idi ipite.

Kazi yangu ni kupanga kurasa. Niliisomea miaka miwili katika chuo cha ufundi, na kiwandani hupewa vitabu vyenye hati mbili au tatu kwa pamoja, kwa kuwa mistari inayokwenda kulia na inayokwenda kushoto hugombana, na mimi nina subira ya kuipatanisha. Kitabu cha Ami Thabit kilikuwa na Kiswahili, Kiarabu na Kiebrania katika sentensi moja. Nilikuwa nimekisoma mara tatu, neno kwa neno, kabla sijafika nyumbani kwake.

Alizaliwa Unguja mwaka 1955, akaletwa Maskati akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Kuanzia mwaka 1979 hadi 2010 alikuwa mkaguzi wa karantini ya mimea, zaidi bandarini Mutrah. Kila kasha la miche, mbegu au matunda lililoshushwa lilipita mikononi mwake, na kila kasha lilikuja na hati yenye jina la mmea kwa lugha ya mwenyewe. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza kwa nini kitu kimoja kiwe na majina kumi, na kwa nini baadhi ya majina hayo yafanane kama watoto wa mama mmoja.

Kiebrania kilimjia mwaka 1997. Kililetwa kifurushi cha mbegu kilichopitia Larnaka, cha kituo cha utafiti, nacho hakikuwa na hati yoyote ila kibandiko cha herufi ambazo hakuna aliyezisoma pale ofisini. Alikizuia siku kumi na moja. Aliandika barua Kairo kwa mpwa wake aliyekuwa akisoma lugha, naye akamtumia kamusi ya Kiebrania na Kiarabu. Akakaa akatafuta herufi mojamoja mpaka neno likafunguka: batsal. Alipolitamka kwa sauti, karani wa meza ya pili akasema, "Basal. Vitunguu." Karani yule hakuwa ameona kibandiko, aliitikia alichokisikia tu.

"Nilishituka," Ami Thabit aliniambia. "Siku kumi na moja nnazuia kifurushi cha vitunguu, na jina lake nnalo kinywani tangu utoto."

Tangu hapo hakuacha. Aligundua kuwa mahali ambapo Mwarabu husema th, Mwebrania mara nyingi husema sh: thum ya Kiarabu ni shum ya Kiebrania, na sisi wa Unguja tunaposema kitunguu thomu tumebeba neno hilohilo bila kujua tumelibeba. Aligundua kuwa tofaa letu ni tuffah ya Kiarabu na ni tapuah ya Kiebrania. Alifurahishwa zaidi na majina yaliyohama. Neno melafefon, lenye asili ya Kiyunani, zamani lilikuwa jina la tikiti tamu. Leo ni tango. Tungule, yaani nyanya, ambayo haikuwako kabisa katika nchi zile za kale, ilibuniwa jina miaka mia na kitu tu iliyopita kutokana na mzizi wenye maana ya mapenzi, na wapo waliokataa kulitamka kwa aibu. Jirani yake Murshid, aliyekuwa akija kunywa kahawa kila Alhamisi, alimwuliza siku moja Kiebrania kinamhusu nini.

"Kitunguu hakiulizwi pasipoti," Ami Thabit alimjibu. "Huulizwa cheti cha afya."

Mwaka 2016 alipeleka muswada wake kwa klabu moja ya utamaduni. Aliletewa barua ya mistari minne kutoka kwa mhadhiri wa lugha, Dokta Loay, akisema kazi ina juhudi lakini mwandishi ni mkaguzi wa makasha, na asili ya maneno ni elimu yenye wenyewe. Ami Thabit hakubishana. Alirudi mezani akaandika upya, miaka saba, maingizo 212. Mara hii Dokta Loay mwenyewe aliusoma wote, akakubali kukitambulisha kitabu mbele ya watu. Ukumbi wa klabu ulikwisha kupatikana, tarehe 15 Machi. Ndiyo maana ya saa saba mchana: kitabu kisipochapwa siku ile, kisingekuwa ukumbini.

Mpaka saa nne na nusu alikuwa ametia saini kurasa sabini. Alisoma kila ukurasa kana kwamba haujui, kidole kikitembea chini ya mstari. Hakuzungumza ila pale alipotaka kunionesha kitu.

"Hebu tazama hapa, mwanangu. Jazar, karoti. Na wao wanasema gezer. Utadhani ndugu wa baba mmoja, kumbe wote wawili wameazima kwa Mwajemi."

"Nimeliona, Ami. Ukurasa wa 58 umeandika karne. Hukuandika ya ngapi."

"Kwa sababu siijui."

Hapo wakaingia kutoka sokoni mkewe, Bi Mahbuba, na Nassimbwa, Mganda aliyekuwa akifanya kazi nyumbani pale mwaka wa tatu. Soko kuu la mboga lilikuwa Mawaleh bado, mwendo wa dakika nane kwa gari. Walikwenda wao wawili kila Jumanne. Ami Thabit, kwanza kwa ajili ya kazi, kisha kwa ajili ya goti lake, alikuwa hajapata kukanyaga soko hilo. Bi Mahbuba alitusalimu, akazitazama karatasi, akasema hatathubutu kuweka hata sahani ya tende mezani mpaka Kiebrania kimalizike.

Saa tano kasoro dakika kumi nilikwenda jikoni kuomba maji. Nassimbwa alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa uani, na mapajani ameweka kipande cha gunia. Mbele yake palikuwa na rundo la kithaa, yale matango marefu yenye mikunjo, yaliyopinda kama nyoka, ambayo kwa hakika ni jamii ya tikiti. Alikuwa akichukua moja moja, akiisugua kwa gunia toka mwanzo hadi ncha, kisha anaitia ndani ya beseni la maji. Nilimwuliza anafanya nini.

"Napangusa manyoya."

"Kithaa ina manyoya?"

Alinitazama kama mtu anayepima kama anataniwa. "Dada, hukuwahi kushika? Hii ikitoka shamba iko na manyoya mingi. Kwa soko wanapangusa kidogo tu, juu juu. Usipomaliza, inawasha mdomo, na Mama atasema, Nassimbwa, leo umelala?"

Alinipa moja ambayo bado haijasuguliwa. Ilikuwa na vinyweleo vyeupe, vifupi na vingi, kama shavu la kijana anayeanza kuota ndevu. Nilisimama nayo mkononi, na maji sikuyaomba tena.

Ingizo la 118 la kitabu cha Ami Thabit lilikuwa juu ya kithaa. Nilikuwa nalijua kwa moyo kutokana na kulisoma. Neno la Kiebrania linalolingana nalo ni kishu, kwa kanuni ileile ya th na sh. Lakini Mwebrania wa leo akisema kishu anakusudia kusa, lile boga dogo la kijani la kupika mchuzi, ambalo asili yake ni Amerika. Kwa hiyo watu wa kale hawakuweza kulijua. Walikusudia nini, basi? Ami Thabit alifuata dalili moja. Katika sheria za kale za Waebrania juu ya mavuno limetajwa tendo ambalo kishu hufanyiwa baada ya kuchumwa, na wafasiri wamegawanyika: wengine wanasema ni kuondoa ua lililokauka nchani, wengine wanasema ni kuondoa manyoya ya ngozi. Yeye aliamua kwa maneno haya: "Kithaa ni laini, haina unyweleo wowote, kwa hiyo tendo hilo ni kuondoa ua, na kishu ya kale ilikuwa tango la kawaida, si kithaa." Juu ya sentensi hiyo alikuwa amejenga maingizo mengine saba.

Katika ufundi wetu mpanga kurasa husahihisha herufi, nafasi na namba. Yaliyomo ni ya mwandishi. Nilifundishwa hivyo na nakubaliana nalo. Nilikaa pale jikoni labda dakika mbili, Nassimbwa akiendelea kusugua. Kisha nilirudi mezani na kuiweka kithaa ile juu ya ukurasa wa 92, ambao ndio aliokuwa akiusoma.

"Hii nini?"

"Kithaa, Ami."

"Kithaa naijua. Nnakuuliza inafanya nini juu ya karatasi yangu."

"Ishike, tafadhali."

Aliishika. Alipitisha kidole gumba juu yake, akakirudisha, akakipitisha tena. Aliinuka bila fimbo yake, akaenda kwenye kabati, akatoa kile kioo cha kukuzia alichokuwa akitumia bandarini kutafuta vidukari. Alitazama muda mrefu sana. Nilitegemea kuona huzuni usoni mwake. Badala yake uso ulimfunguka, na aliponigeukia alikuwa anakaribia kucheka.

"Ina manyoya," alisema. "Mahbuba! Njoo. Kithaa ina manyoya."

Bi Mahbuba alikuja akifuta mikono. "Ndiyo uliyoniitia?"

"Wewe ulijua?"

"Nijue nini? Kila mtu anajua."

"Miaka arubaini na mbili hukuniambia."

"Ungeniuliza. Makasha ya watu umeyafungua bandarini miaka thelathini na moja, kikapu cha nyumbani kwako hukukifungua hata siku moja. Huletewa imeoshwa, imekatwa, ina chumvi na ndimu. Sasa nani akuoneshe manyoya?"

Alikubali kwa kichwa, polepole. Kisha alinieleza, kwa unyenyekevu ulionitia haya, kwamba hata kazi yake haikuweza kumsaidia. Kithaa hulimwa mashamba ya Batina, hapa hapa nchini. Haikuja kwa meli, kwa hiyo haikupita mezani pake kamwe. Utotoni Unguja hakuiona. Alipoijua aliijua kwenye sahani.

Nassimbwa aliitwa. Alikuja na gunia lake mkononi, akasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa kuulizwa kuhusu glasi iliyovunjika.

"Mwanangu," Ami Thabit alisema, "kazi hii ya kusugua nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu, Baba. Mimi niliona manyoya, nikapangusa. Kwetu Mukono majani ya boga tunaita essunsa. Huwezi kupika bila kutoa ile manyoya yake. Sasa nikaona hii, nikajua ni ndugu yake."

"Ni ndugu yake kweli," alisema Ami Thabit, na akaandika. "Na kwenu mna neno la kazi hiyo?"

Alifikiri. "Kumenya tunasema kususa. Hii ya manyoya... tunasema tu kutoa manyoya. Haina jina yake."

"Wao walikuwa nalo jina lake. Miaka elfu mbili iliyopita walikuwa na neno moja tu kwa kazi unayoifanya na gunia hilo."

"Basi walikuwa na kithaa mingi ya kupangusa," Nassimbwa alisema.

Bi Mahbuba alicheka kwa sauti. Ami Thabit hakucheka. Alikuwa amekwisha kuona. Nilimwona anafika kwenye jambo lenyewe: alihesabu kwa kidole maingizo saba, akafunua kurasa nyuma, akafunua mbele, na furaha ikamtoka taratibu. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano.

"Tia saini," Bi Mahbuba alimwambia, safari hii kwa upole. "Hii ni miaka saba, Thabit. Utarekebisha chapa ya pili."

Nilimweleza kinachowezekana. Kuandika upya lile ingizo na kurekebisha saba yanayolitegemea kungegusa kurasa tano; mimi ningehitaji saa nne baada ya yeye kumaliza, na yeye hangemaliza kabla ya alasiri. Nilimpigia simu Saud, msimamizi wetu wa mtambo. Alijibu kwa kifupi, kama kawaida yake: saa saba au baada ya Idi. Nikamtajia Ami Thabit njia ya tatu, ambayo hutumika: kitabu kichapwe kama kilivyo, na ndani yake kitiwe kikaratasi cha masahihisho.

Aliifikiria njia hiyo kwa haki. Aliniuliza kikaratasi hicho hubandikwa au huwekwa tu ndani. Nilimwambia huwekwa tu.

"Basi kitadondoka," alisema, akachukua simu.

Alimpigia Dokta Loay na kuweka sauti wazi, kwa kuwa sikio lake moja si zuri. Walizungumza Kiarabu. Alimweleza yote kwa mpangilio: neno, tendo, manyoya, kosa. Dokta Loay akasema kwamba ukumbi ukiachwa tarehe 15 hautapatikana tena mpaka Oktoba, na kwamba miongoni mwa watakaokuja hakuna hata mmoja atakayekagua ngozi ya kithaa. Alisema kwa nia njema, nilimsikia akitabasamu.

"Nani atajua, Mzee Thabit?"

"Nassimbwa atajua."

"Nassimbwa ni nani? Wa chuo gani?"

"Yuko hapa jikoni kwangu. Ana gunia."

Dokta Loay aliuliza kama manyoya yale ni ya mmea mzima au ya tunda tu, na wakaendelea dakika ishirini wakizungumza juu ya tendo lile la kale, kana kwamba ukumbi haujatajwa. Alipokata simu Ami Thabit alizipanga zile kurasa tisini na moja alizokwisha kutia saini, akazigonga mezani zilingane, akanirudishia.

"Mwambie Saud aanze kalenda zake. Sikupata kutia saini kasha nisilolifungua. Hili nilidhani nimelifungua."

Adhana ya adhuhuri ilipotoka alikwenda kusali. Aliporudi alimwita tena Nassimbwa, akamwomba akae kitini, mezani, jambo ambalo naye hakulizoea. Alikaa kwenye ukingo. Ami Thabit alimwuliza kithaa zote zina manyoya au changa tu, manyoya hutoka zikiwa kavu au zikiwa na maji, zile zilizosuguliwa hukaa siku ngapi bila kuharibika. Alijibu kila swali kwa uangalifu. Changa zina mengi. Kavu hutoka upesi. Iliyosuguliwa iliwe kesho yake, vinginevyo hulainika. Katikati ya hayo alisita.

"Baba, unaandika jina yangu?"

"Nnaliandika. Nitasema wewe ndiye uliyeonesha."

"Hiyo kitabu inaenda kwa serikali?"

"Inakwenda maktaba."

"Maktaba ya serikali?"

"Nassimbwa, mwanangu, hakuna serikali inayouliza habari za manyoya."

"Sawa. Lakini weka na Mukono. Nassimbwa tuko wengi. Na sasa niende, Baba, imebaki kithaa kumi na mbili, na Mama anaangalia saa."

Nilitoka Mawaleh saa kumi na dakika tano alasiri. Nilikuwa na kurasa 164 zilezile nilizokuja nazo, na karatasi sita za mwandiko wake wa penseli, ambazo ndizo zilikuwa ingizo jipya la 118. Ndani yake alisema wazi kwamba aliwahi kuamini kinyume, akaeleza sababu ya kukosea kwake, akasema kuwa kishu ya kale na kithaa ya Batina huenda zikawa mmea mmoja, na akaacha neno "huenda" likae pale, ingawa nilijua jinsi alivyotamani kuliondoa. Kitabu kilichapwa tarehe 9 Mei. Ukumbi, tarehe 15 Machi, ulipewa washairi.

Tarehe 7 Machi 2024 nilimpigia simu kumwuliza juzuu ya pili aliyokuwa ameanza kuiandika itakuwa tayari lini, kwa kuwa Saud alitaka kuiwekea nafasi. Alinijibu kuwa haitakuwa tayari mwaka ule: kati ya majina tisini na sita aliyokwisha kuyaandika, mimea arubaini na moja alikuwa hajapata kuishika.